Nyasi za Bibi Immakulata

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kokubanza alimpelekea bibi yake uji chumbani. Bibi Immakulata hakuweza tena kutembea. Alikunywa vijiko vichache, akauliza habari za mvua na kahawa, kisha uji uliobaki akamwachia mjukuu wake. Kokubanza, msichana wa darasa la sita, aliupenda uji huo kuliko wake mwenyewe, kwa sababu ulitiwa sukari zaidi.

Ijumaa moja alisema, "Bibi, leo Mwalimu Onesphory anatupeleka rweya kuona mitambo ya umeme wa upepo."

Rweya ni uwanda wa nyasi ulioko mlimani, juu ya migomba ya kijiji chao, Nshamba. Tangu usichana wake Bibi alikata nyasi huko, akazitandaza sakafuni kila wageni walipokuja. Sasa sakafu ilikuwa ya saruji, lakini Bibi alizikumbuka.

"Niletee kidogo," alisema. "Unitandazie hapa kando ya kitanda, nizinuse."

"Nitaleta, Bibi."

Wanafunzi walianza kupanda wakiimba, wakafika juu kimya kwa sababu pumzi ziliwaishia. Mitambo ilikuwa mirefu kuliko mnara wa kanisa. Datius, mchekeshaji wa darasa, aliiita mapangaboi ya Mungu, na hata mwalimu akacheka. Pande zote upepo ulizilaza nyasi na kuziinua tena. Kokubanza alichuma mzigo mdogo, akaufunga, akajitwika.

Wakati wa kushuka Datius alimtazama. "Wenzako tunarudi na elimu," alisema, "wewe unampelekea ng'ombe chakula."

Wote walicheka, hata Evelyne, rafiki yake wa karibu. Kokubanza aliona aibu sana. Kwenye kona ya njia alijifanya anafunga kamba za viatu, akautupa mzigo kichakani.

Nyumbani Bibi alikuwa akimsubiri. "Ziko wapi?"

Bibi hakuwa mkali, na kusema kweli kusingekuwa kazi kubwa. Lakini Kokubanza alijibu, "Hazipo, Bibi. Walipojenga mitambo walizifyeka zote. Kumebaki kokoto tu."

"Zote?"

"Zote."

Bibi aligeukia ukutani. Kesho yake hakuuliza habari za mvua wala kahawa. Uji ulibaki wote, na Kokubanza hakuweza kuumeza.

Jumapili baada ya misa, alimsikia Bibi akimwambia mama yake, "Siku yangu ikifika, watakaokuja kunililia watandikieni majani ya migomba. Msihangaike na nyasi. Rweya yetu imekufa kabla yangu."

Kokubanza alikimbilia nyuma ya jiko akalia. Mama yake, Annastella, alimfuata, akasikiliza kila kitu. Hakumchapa.

"Siwezi kukusemea," alisema. "Uliyemdanganya yuko ndani."

Kokubanza alipiga magoti kando ya kitanda. "Bibi, nilikudanganya. Nyasi zipo. Nilizichuma, nikazitupa njiani kwa sababu walinicheka."

Kokubanza alingoja kugombezwa.

"Zipo, waitu, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza taratibu.

"Zipo, Bibi. Zimejaa mpaka chini ya mitambo."

"Na upepo unazilaza kama zamani?"

"Unazilaza."

Bibi alifumba macho, akatabasamu. "Basi nenda, mwana wange. Chukua mundu wangu."

Kokubanza alipanda mlima na kaka yake Alexander. Alikata mzigo mkubwa kuliko ule wa kwanza. Waliporudi walipita dukani alipokuwa Datius, akasema tena habari za ng'ombe, lakini Kokubanza hakugeuka hata kumtazama. Alitaka kufika tu.

Uani walikuta wanawake wamesimama. Mama alikuja kuwapokea, mikono kichwani.

"Bibi ametutoka," alisema.

Mzigo ulianguka. Kokubanza alilia mpaka sauti ikamkauka. "Ijumaa angezinusa, Mama. Mimi ndiye niliyemnyima."

"Ndiyo, angezinusa," Mama alijibu, kwa maana hakutaka kumfariji kwa uongo mwingine. Alikaa naye chini. "Kwako ulikuwa uongo mdogo wa kukimbia aibu. Yeye ulimuumiza moyo siku mbili nzima. Lakini ulipoondoka aliniita. Alisema tusikate majani ya migomba, mjukuu wake analeta nyasi. Alikufa akijua rweya ipo, kwa sababu ulirudi ukamwambia ukweli. Siku nyingine usingoje hata siku moja, mwanangu. Anayeusubiri ukweli wako huenda hana siku nyingi."

Mama alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Sasa inuka. Watu wanaingia, na sakafu iko wazi."

Kokubanza aliinuka, akaubeba mzigo mpaka ndani. Aliufungua, akaanza kutandaza nyasi, kwanza kando ya kitanda cha Bibi.