Zamu ya Kasuku

Waliokuwepo sebuleni jioni ile walikuwa watatu. Mwenye nyumba, fundi mstaafu wa kujalidi vitabu, mgane. Dada yake mdogo, mkunga mstaafu, aliyehamia kwa kaka yake baada ya wifi yake kuzikwa. Na binti wa fundi, mshona nguo, aliyekuja kupima mapazia na sasa alikuwa akipiga pindo karibu na dirisha. Kiti cha nne kilikuwa kitupu, nacho ndicho kilichovuta pumzi.

Mkunga alisikia. Mtu aliyesikiliza pumzi za kwanza za nusu ya mtaa hakosei pumzi. Santuri ilikuwa ikizunguka, mwimbaji amenyamaza kupisha tarumbeta, na pale kitini mtu akavuta hewa kama anayejiandaa kusoma.

"Umesikia, Kaka?"

"Nyamaza," fundi alinong'ona. "Zamu yake haijaisha."

Habari ya zamu ilikuwa hivi. Walipokuwa vijana wa shule, walikuwa watatu: fundi, dada yake, na kijana wa jirani waliyemwita Kasuku kwa kuwa wimbo akiusikia mara moja, anao. Walikuwa na mashine ya kupigia santuri, ya kuzungushwa kwa mkono, na sanduku la vitabu vilivyoachwa na mwalimu aliyehamishwa. Sheria yao ilikuwa moja: kitabu hakisomwi na mtu peke yake. Kila mmoja ukurasa wake, kwa sauti, santuri ikiimba chini chini. Walichokipenda kupita vyote ni kitabu cha kijana aliyevuka jangwa kutafuta kisima alichochimba baba yake. Kurasa zake zilikuwa zinachomoka, na ni katika kuzibandika kwa uji wa ngano ndipo fundi alipoipata kazi ya maisha yake. Mkunga naye, miaka yote, aliwaimbia wanawake wenye uchungu wimbo wa santuri ile, kwa sababu ulikuwa unajua mahali pa kupumua.

Kabla hawajafika kisimani, Kasuku alishikwa na homa akafa. Ukurasa ulikunjwa pembe, kitabu kikafungiwa sandukuni, kikakaa humo hadi fundi alipofiwa na mkewe na kuanza kutafuta kitu cha kushika mkononi.

Wakaanza tena, ukurasa wa kwanza, kila jioni kabla ya taa kuwashwa. Na kila ilipofika zamu ya Kasuku walinyamaza kwa muda wa ukurasa mzima, wakamwachia. Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa mapenzi.

Baada ya pumzi ikaja harufu, ya udongo uliofunikwa siku nyingi kisha ukafunuliwa. Baada ya harufu likaja neno mojamoja, kutoka ndani ya mikwaruzo ya santuri, kisha sentensi. Ilikuwa sauti ya kijana, iliyopasuka katikati kama sauti za wavulana wanapobaleghe. Mkunga alisogeza kiti chake karibu. Hakumwambia mtu yeyote, wakati ule wala baadaye, kwamba sauti hiyo ndiyo aliyotaka kuolewa nayo.

"Shangazi," mshona nguo alimwambia jikoni kwa sauti ya chini, "umemsikia Baba siku hizi? Anaongea kama mtu aliyefunikwa godoro."

"Ni kifua."

"Daktari amesema kifua kizima na koo safi. Shangazi, kila hicho kitu kikisoma, Baba anapungua. Jana kaniita jina langu, nikaona mdomo tu."

Mkunga alikuwa ameliona kabla yake, ila alikuwa akingoja jioni kama msichana anayengoja mtu getini.

Kilichomzindua ni pembe iliyokunjwa. Siku walipoufikia ukurasa ule, fundi alisoma wa kwake kwa mnong'ono, mkunga akasoma wa kwake, na zamu ya tatu ilipofika, sauti ikaupita mkunjo bila kusita, ikaingia katika kurasa ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzisoma, ikasoma vizuri, bila kukosea, ikishuka kwenye nukta na kupanda kwenye maswali, na kadiri ilivyosoma ndivyo mkunga alivyohisi baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo hadi magotini, kutoka magotini hadi tumboni, kwa sababu kulikuwa na jambo moja kuhusu Kasuku ambalo aliamini yeye peke yake analijua, na jambo hilo lilimwambia kwamba aliyeketi pale, anayelamba kidole kisichoonekana na kufungua ukurasa ambao kweli ulikuwa unafunguka, hakuwa Kasuku na hakuwahi kuwa.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mganga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye duka la vioo vya madirisha, na aliendelea kukata kioo huku akisikiliza.

"Nani alimkaribisha?"

"Hakuna aliyemkaribisha, mama."

"Mmemwekea kiti. Mkampigia muziki. Mkanyamaza mumsikilize." Mganga alikivunja kioo kwenye mstari. "Hata mimi ningekaa. Kwangu watoto hawaninyamazii hivyo."

"Atatokaje?"

"Mwambie siri ambayo mwenye kiti alikuwa nayo na yeye hana. Kisha kaa wewe pale, usome zamu yake. Lakini nikwambie mapema, alichokwisha kukichukua hakirudishi. Ukichelewa, ataondoka na kilichobaki pia."

Jioni ile mshona nguo alisimama mlangoni, sindano imechomekwa kifuani mwa nguo, akiwa amesahau kuitoa. Fundi aliweka santuri mwenyewe. Zamu ilipofika, sauti ikaanza, na mkunga akainuka.

"Wewe unasoma," alikiambia kiti. "Kasuku hakujua kusoma. Hata jina lake hakuweza kulisoma. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea kurasa zake mchana, nyuma ya nyumba, akazishika kichwani, jioni akashika kitabu akijifanya anasoma. Wewe si yeye."

Sauti ilikatika. Sindano ya santuri ilikwaruza palepale, ikakwaruza, ikakwaruza. Kisha, taratibu, kwa ulaini uleule wa nyuma ya nyumba:

"Basi nisomee."

Hakuna mwingine aliyejua maneno hayo. Kasuku alikuwa akimwambia hivyo kila mchana, na mkunga, mwanamke mzima mwenye mvi, alitoa sauti ambayo mpwa wake alikuwa hajawahi kuisikia kwake. Lakini alikwenda, akageuka, akaketi juu ya kile kilichokuwa kimeketi, na baridi ikamfunika kama shuka iliyolowa, harufu ya udongo ikamjaa puani na kinywani, vidole vikampapasa shingoni vikitafuta mahali sauti inapotokea, naye akasoma, akasoma machozi yakidondoka kwenye herufi, akasoma huku mdomo mwingine ukisoma pamoja naye sikioni, kwanza mbele yake, kisha sambamba, kisha nyuma yake, kisha mbali, hadi alipofika chini ya ukurasa na kusikia sauti moja tu chumbani, nayo ilikuwa yake.

Mashine ilisimama. Chumba kilinuka vumbi na chai.

Mshona nguo alikimbilia kwa shangazi yake. Fundi hakusogea. Alimwita dada yake kwa kidole, naye akainama karibu kabisa, maana mnong'ono ndio tu aliobakiwa nao.

"Nilijua."

"Ulijua nini, Kaka?"

"Kwamba hajui kusoma. Na mimi nilikuwa namsomea. Asubuhi, njiani. Aliniapisha nisikwambie. Alisema wewe ukijua utamdharau."

Mkunga alikaa chini sakafuni.

"Kwa hiyo ulijua si yeye."

"Tangu pale kwenye mkunjo."

"Na bado ukaendelea kukaa! Kitu hicho kilikuwa kinakumaliza, Kaka!"

"Sauti ilikuwa yake, mdogo wangu." Alipumzika, akakusanya kilichobaki. "Hata wewe ulikuwa unaisikiliza. Nilikuona. Ulikuwa unapaka wanja."

Hakumlaumu. Alimwomba tu amfungie mashine, na akaomba chai, ambayo hakuinywa. Siku zilizofuata hakugusa chakula. Binti yake alimletea uji, akamtania, akamtishia kumlisha kwa kijiko kama mtoto. Alitabasamu, akageuza uso ukutani.

Fundi wa kujalidi vitabu alifariki Jumatano, alasiri, kitandani kwake.