Bibi Harusi na Injini Isiyopata Moto

Upepo uliwafumania saa tatu asubuhi, Rumonge ikiwa imebaki mbali nyuma yao. Kufumba na kufumbua boti ilikuwa inarukaruka na mvua inawachapa usoni.

Barabara ya Kabezi ilikuwa imefunikwa na maji ya ziwa, ndiyo maana bibi harusi alisafirishwa kwa boti. Kabibi, muuza vipuri vya magari sokoni Rumonge, alikuwa anakwenda kuolewa huko baada ya sala ya adhuhuri. Alisindikizwa na shangazi yake Biasha, ambaye ndiye somo wake wa kumfunda, na somo huyo alikuwa na sheria moja: mikono yenye hina haigusi kazi mpaka ndoa ifungwe. Nyuma alisimama Moussa, fundi na mwenye boti. Alikuwa ameipachika humo injini ya teksi kuukuu, na aliisifu kuliko alivyowasifu wanawe.

Mawimbi yalipoanza kuwapiga ubavuni, Moussa alielekeza boti kilindini ili wayakabili. Biasha alikumba maji kwa sufuria ya pilau. Pwani ikawa mstari mwembamba, kisha injini ikaanza kukohoa moshi mweusi. Moussa alitikisa dumu la esansi, yaani petroli. Ilikuwa imebaki ya vidole viwili tu, na bila injini wangesukumwa na mawimbi mpaka boti ijae maji.

Kabibi akautazama mshale wa joto. Tangu waondoke ulikuwa umelala palepale chini, na injini baridi hunywa mafuta bila kushiba. Aliomba aishike mipira ya maji. Biasha akakataa katakata.

"Shangazi, tukizama, hii hina wataiona samaki mikeke," Kabibi akasema.

Biasha aligeuza uso upande wa pili asione. Kabibi akashika mpira wa chini, unaoingiza maji kutoka ziwani; ulikuwa baridi. Akashika wa juu, ambao hutoa maji yakishazunguka injini. Huo nao ulikuwa baridi vilevile.

"Fundi, termostati iko wapi?"

"Niliitoa," Moussa akajibu. "Na hii joto ya kwetu, iko na kazi gani?"

Mafundi wengi wa pale hufanya hivyo. Kidude kile hufunga njia ya maji mpaka injini ipate moto, nao hukiona kama mchawi wa kuunguza injini. Kwenye teksi, iliyozungusha maji yake yaleyale machache, kosa hilo halikuonekana sana. Boti hii ilikuwa inapoozwa na ziwa zima.

Kabibi alitafuta kitu cha kuziba nusu njia, macho yake yakatua kwenye miguu ya Moussa. Fundi alikuwa amevaa sandali za mpira wa tairi, mpya, za harusi.

"Lete moja," akasema.

Ikabidi wazime injini. Boti ikageuka ubavu papo hapo, wimbi likaingia mpaka magotini, na Biasha akaacha sufuria, akashika kasia kwa mikono miwili. Kabibi alikata duara kwenye sandali kwa kisu, akatoboa tundu dogo katikati ili maji yapite kidogo kidogo. Moussa alifungua bolti, akalipachika duara palipokuwa na termostati, akakaza huku anasoma kila dua aliyoijua.

Injini iligoma mara mbili. Ya tatu ikawaka. Mshale ukatikisika, ukapanda, ukasimama katikati kwa mara ya kwanza tangu boti hiyo iguse maji. Moshi ukakatika. Biasha akapiga vigelegele peke yake katikati ya ziwa, na Moussa, tangu hapo, hakuuondolea macho mshale ule. Wote watatu walikuwa wanacheka kwa furaha, meno yakigongana kwa baridi.

Adhana ilikuwa inamalizika walipotia nanga Kabezi, dumu likiwa kavu. Moussa alikwenda kukaa na wanaume mguu mmoja peku, akatangaza mbele ya sinia la pilau kwamba Jumatatu anarudisha termostati nane za wateja zilizoning'inia kwenye misumari ya karakana yake, gari kwa gari.

Mama mkwe alishika mikono ya Kabibi. Hina haikuonekana kwa grisi nyeusi iliyofika viwikoni.

"Hii ni nini tena?" akauliza.

"Ni hina ya Rumonge," Biasha akajibu, akamkalisha bibi harusi mkekani, wala hakuruhusu mtu kumfuta.