Tegu wa Chonjo

Kazi ya kwanza ya Dama kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, ilikuwa kuondoa matawi ya miiba yaliyoziba mlango wa zizi. Mbuzi walitoka wakisukumana kama watoto wa chekechea wanaoitwa kunywa uji. Nyuma yao alitoka Chonjo, mbwa wa rangi ya vumbi mwenye sikio moja lililochanika. Sikio hilo alichanwa na fisi, na tangu siku hiyo Chonjo alijiona kuwa ndiye mwenye boma. Dama, mwanafunzi wa gredi ya sita, alimpenda mbwa huyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya wenzake.

Asubuhi moja mbuzi mmoja hakuwafuata wengine. Alizunguka palepale, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Mwingine tena," alisema babu yake, Mzee Rai, akiegemea bakora. "Ugonjwa huu wa kuzunguka utatumalizia zizi."

Boma lao lilikuwa ndani kidogo kutoka Taru, mahali ambapo mvua huja kwa kujivuta na mbuzi ndiye karo, ndiye unga, ndiye mahari. Kila mbuzi wa namna hiyo alipokufa, Mzee Rai alifuata desturi aliyoachiwa na baba yake: kichwa cha mbuzi mgonjwa hakiliwi na mtu. Alikikata na kuwatupia mbwa, Chonjo wa kwao na Mwiba wa jirani yao Chome. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Hata mama yake Dama, ambaye kulalamika hakukumpa taabu, hapo hakulalamika.

Siku chache baadaye alifika Daktari Hafsa, mtaalamu wa mifugo kutoka Msambweni, akiwa na sanduku la barafu lililojaa vichupa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Daktari Hafsa alieleza kwamba ugonjwa wa kuzunguka huletwa na tegu, mnyoo mrefu kama utepe, mwenye nyumba mbili. Kwa mbuzi hukaa kichwani, akiwa kifuko cha maji. Kwa mbwa hukaa tumboni, akiwa mnyoo mzima.

"Mnyoo huyohuyo mmoja?" Dama aliuliza.

"Huyohuyo. Wewe ukiwa shuleni unashika kalamu, ukirudi nyumbani unashika jembe. Mtu ni mmoja, kazi ndizo zinazobadilika. Ndani ya mwili wa kila kiumbe mna maagizo ya kazi, na maagizo hayo tunayaita jeni. Tegu akiwa kwa mbuzi, jeni fulani zinafanya kazi na nyingine zimelala. Akiingia kwa mbwa, zilizolala zinaamka. Nikijua ni zipi zinazoamka, huenda siku moja tukapata dawa ya kumfungia njia."

Basi Mwiba aliletwa kwa Mzee Rai, na mbwa wote wawili wakapewa dawa ya minyoo na kufungwa kivulini, kila mmoja mahali pake. Dama aliwekwa kumwangalia Chonjo. Kahaso, binti yake Chome na rafiki yake Dama tangu wakiwa wadogo, aliwekwa kumwangalia Mwiba.

"Msiguse kitu," Daktari Hafsa aliwaonya. "Mkiona tegu ametoka, niiteni papo hapo. Jeni zinazofanya kazi hutoa ujumbe, na ujumbe huo ndio ninaoutafuta. Lakini tegu akikaa juani, ujumbe unaharibika upesi. Lazima nimtie kwenye dawa ya baridi mara moja." Kisha akaenda upande wa pili wa zizi kumpima yule mbuzi mgonjwa.

Mzee Rai alingoja mpaka mgeni alipokuwa mbali. "Mbwa atakayetoa huyo tegu," alimwambia Dama kwa sauti ya chini, "simtaki tena hapa. Nitamwua kwa mkono wangu. Siwezi kufuga mwizi wa mbuzi zangu."

Dama aligeuka. Akamtazama Chonjo, Chonjo naye akatikisa mkia.

Jua lilikuwa limepanda Chonjo alipojisaidia. Katikati ya kinyesi palikuwa na kitu cheupe, kirefu, kinachojinyonganyonga. Dama alifungua kinywa kuita, kinywa kikakataa. Alichukua matawi, akafunika. Akakaa juu ya jiwe, huku jua likizidi kuchoma.

Kahaso alipoinuka kwenda kunywa maji mtungini, shetani alimpa Dama wazo, naye akalipokea kwa mikono miwili. Alichukua jembe, akakichota kile kinyesi, akakimbia kukimwaga nyuma ya Mwiba. Kahaso aliporudi, Dama alikuwa ameshakaa kwenye jiwe lake.

"Daktari," Kahaso aliita mara moja. "Njoo uone, Mwiba ametoa."

Daktari Hafsa alikuja mbio na glavu zake. Tegu akaingia kwenye kichupa, kichupa kikaingia kwenye barafu, na gari likaondoka mapema ili barafu isiyeyuke njiani.

Jioni hiyo Mzee Rai aliikamata kamba ya Mwiba. Chome, kwa heshima zote, alimsihi. "Mzee, daktari alisema atarudi na majibu. Tumngoje kwanza, tusije tukajuta."

Mzee alikubali shingo upande. Mwiba akabaki amefungwa, akisubiri kifo bila kujua.

Wiki zilipita. Mbuzi aliyekuwa akizunguka alikufa, na kichwa chake kikaliwa na Chonjo peke yake. Kila siku Kahaso alimpelekea Mwiba nusu ya sima yake. "Akifa, nitalala vipi bila kumsikia nje?" alimwambia Dama njiani kwenda shule. Dama akaongeza mwendo. Alikuwa amemwokoa mbwa wake, lakini hata kucheza naye hakuweza tena. Chonjo akimletea fimbo airushe, aligeuza uso.

Hatimaye Daktari Hafsa alirudi. Wote walikusanyika uani.

"Yule tegu hakuniambia kitu," alisema. "Ujumbe wote ulikuwa umevunjikavunjika, kama wa tegu aliyekaa juani muda mrefu. Kahaso, mwanangu, uliniita mara tu ulipomwona?"

"Ndiyo, daktari. Nilikwenda kunywa maji, nikarudi, nikamwona, nikakuita."

"Kunywa maji tu hakungetosha kumharibu kiasi hiki."

"Basi mtoto huyu anasema uongo," Mzee Rai alisema. "Alilala, akaogopa kusema. Mbwa mchafu na mwangalizi mwongo. Chome, leo usinizuie."

Machozi yalimtoka Kahaso. Mzee alikuwa ameshaanza kuelekea kwa Mwiba, na Mwiba, mjinga wa watu, alimpokea kwa kumlamba mkono.

"Babu, simama." Sauti ya Dama ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Kahaso hajasema uongo. Tegu alikuwa wa Chonjo. Mimi nilimficha, kisha nikampeleka kwa Mwiba."

Wa kwanza kusema alikuwa Daktari Hafsa. "Ulimshika kwa mkono?"

"La. Kwa jembe."

"Alhamdulillahi. Mayai ya tegu wa mbwa yanaweza kumdhuru hata mtu. Jembe hilo lioshwe kwa maji yanayochemka. Sasa niambie, kwa nini ulifanya hivyo?"

Dama alimtazama babu yake. "Babu alisema atakayetoa tegu atauawa."

"Kuuawa?" Daktari Hafsa alishangaa. "Mbwa hawa wote wawili nimeshawapa dawa. Yeyote aliyekuwa na tegu alipona siku ileile. Ungeniuliza tu, Dama. Kuuliza si ujinga." Akamgeukia mzee kwa adabu. "Samahani, mzee wangu. Mbuzi wagonjwa wakifa, vichwa vyao mnavifanya nini?"

"Haviliwi na mtu," Mzee Rai alijibu kwa fahari. "Tangu enzi za baba yangu. Ni vya mbwa."

"Kutowalisha watu mlifanya vyema. Lakini kile kifuko kimo humo kichwani. Mbwa akikila kibichi, tegu anakua tumboni mwake. Mayai yanadondoka kwenye majani, mbuzi wanakula majani, na hapo mnaanza upya."

Mzee Rai alikaa chini polepole. Alitazama bakora yake, akamtazama Mwiba, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Dama alidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka.

"Kumbe mpishi wa tegu ni mimi," alisema, "halafu nataka kumwua aliyekula." Aliinuka, akaifungua kamba ya Mwiba kwa mkono wake mwenyewe. Kahaso alimkumbatia mbwa wake shingoni, na Dama akamsogelea.

"Nisamehe, Kahaso," alisema.

Kahaso alifuta machozi kwa kiganja. "Sima niliyompa Mwiba utanilipa."

"Nitakulipa."

Mchana ule Daktari Hafsa aliwapa mbwa dawa tena, kwa kuwa Chonjo alikuwa amekula kichwa kingine. Dama aliketi kwenye jiwe lake. Safari hii hakusogea hata kunywa maji, na kile kitu cheupe kilipotokea, aliita kwa nguvu hadi mbuzi wakashtuka.

"Daktari, njoo. Chonjo wetu ametoa."

Tegu aliingia kwenye dawa ya baridi akiwa bado anajinyonga. Daktari Hafsa alikiinua kichupa juu, akatabasamu. "Huyu ataniambia kila kitu."

Jioni Dama na Kahaso walimsaidia Mzee Rai kuchimba shimo refu nje ya boma, la kuchomea na kuzikia vichwa. Walipomaliza, walinawa mikono kwa sabuni, kwa amri ya daktari. Mzee alimvuta mjukuu wake kando.

"Ulikosa, nami nilikosa kwa kukutisha," alisema. "Lakini jambo moja ulikumbuke, Dama. Ukweli ni kama tegu wa daktari. Ukitolewa papo hapo, unatibu watu. Ukifichwa juani, unaoza, na harufu yake humfuata asiye na hatia. Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Haya, nenda ukacheze na mbwa wako. Amekungoja siku nyingi."

Chonjo alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, fimbo kinywani. Dama aliichukua, akairusha mbali awezavyo.