Kofia ya Bati Kwenye Taa ya Mtaa

Wazazi wenzangu, nayaandika haya kwa sababu watoto wetu wanakua wanatuangalia.

Jioni mtaani kwetu ilikuwa raha. Tulikodi taa moja kwa kampuni ya umeme, ikafungwa kwenye nguzo, kila nyumba ikichangia. Watoto walisoma barazani, nasi tulichambua mboga. Kampuni ilitaka jina la mteja mmoja, tukaandikisha la fundi makochi. Hapo tulikosea. Mtu huyo tulimwita Mheshimiwa, maana bila hivyo haitikii salamu. Haukupita muda akawa anasema "taa yangu".

Mjane mshona nguo, ng'ambo ya barabara, aliugua akashindwa kuchangia. Mheshimiwa akawaita mafundi wa kampuni, wakaivisha taa kofia ya bati upande wa barabara. Mwanga wote ukamwagika getini kwake, kwenye makochi yasiyo na mnunuzi. Sisi tukabaki kupapasa kama kuku jioni.

Mama mzazi wa Mheshimiwa, ajuza mwenye macho hafifu, ndiye aliyempelekea mjane uji kila jioni, akivuka mtaro wa barabarani. Akamsihi mwanawe.

"Baba, litoe hilo bati. Pale mtaroni sioni pa kukanyaga."

"Si ukae ndani, mama? Waache wapate adabu."

"Na mimi unanitia adabu gani?"

Mheshimiwa akaendelea kupangusa kochi.

Kesho yake jioni bibi huyo akatumbukia mtaroni na bakuli lake. Tulimsikia akiita jina la mwanawe. Mheshimiwa akatoka mbio, akafika pale mwanga wake unapoishia, akasimama. Haoni kitu. Ikabidi atuombe tochi, sisi tuliotiwa adabu.

Nyonga imevunjika. Bibi hatembei tena, na anayemgeuza kitandani ni mjane yule yule, aliyepona. Mheshimiwa ameing'oa kofia, eti kajuta. Kana kwamba bati huunga mfupa! Tunapita kwake kumjulia hali mama. Yeye tunampita kama nguzo.

FUNZO

Kuandikwa jina si kumiliki. Ukikabidhiwa cha wengi, wewe ni mtunzaji, usijifanye mfalme. Nasi tuliokabidhi tuache kunyamaza mtu anapoanza kusema "changu", kwa kuwa tulimsikia, tukacheka, na mama wa watu yuko kitandani.