Kalipa Nyekundu za Nakshi

Jamani, nyumba ile ilikuwa na utulivu wa kuonewa wivu. Asubuhi hiyo ya mapumziko mke alikaa barazani akishona vifungo, mama mkwe akiota jua pembeni yake, na uani mume alikuwa chini ya lori lake dogo kuukuu akipiga mluzi. Majirani walimwita Nakshi. Lori lilikuwa na mapazia, taa za kila rangi, maua ya plastiki, na mlangoni limeandikwa: WENYE WIVU MTACHOKA.

Siku hiyo Nakshi aligeukia kalipa, vile vyuma vinavyobana diski za breki. Alizifungua, akazisugua, akazipaka rangi nyekundu, kisha akaziacha zining'inie kwenye mipira inayopitisha mafuta ya breki mpaka zikauke, kama soksi kambani. Fundi yeyote angempigia kelele, maana chuma kizito hakitundikwi kwa mpira uliozeeka. Lakini yeye hakuita fundi. Mafundi, alisema, wana kijicho.

Alasiri magurudumu yalikuwa yamesharudi mahali pake. Mke akaona doa linalong'aa chini ya gurudumu la mbele. Akaligusa.

"Baba watoto, hapa pamelowa."

"Ni tina hiyo, ya kuzimulia rangi."

"Tina haitelezi hivi. Mwite fundi aangalie kwanza."

"Mke wangu, wewe shika sindano. Gari niachie mimi."

Alitaka kusema zaidi, ila mama mkwe alikuwa anamtazama, naye hakutaka kuitwa mwanamke mwenye gubu. Akameza maneno. Nanyi mnaosoma, wangapi kati yenu hamjawahi kunyamaza hivyo?

Mama mkwe alikuwa ameshavaa viatu vyake vya kutokea. "Mwanangu, nizungushe kidogo, watu waone."

"Mama, tumwite fundi kwanza," mke alijaribu tena, kwa sauti ndogo.

"Aa, mkamwana wangu, usituharibie siku."

Lori likatoka, likashika mteremko wa kuelekea sokoni. Mke alibaki getini akisikiliza. Kwanza alisikia honi za maringo, fupi fupi. Kisha ikaja honi moja ndefu isiyokatika, na watu wakipiga mayowe, na kishindo ukutani. Alikimbia bila viatu.

Nakshi alitolewa akiwa amevunjika mkono. Mama yake alitolewa amefunikwa shuka.

Fundi aliyekuja kulivuta lori aliinama, akaonyesha mpira wa breki uliochanika kwenye maungio. Mafuta yote yalikuwa yamevuja. "Nani alitundika kalipa hapa?" aliuliza.

Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, Nakshi alimgeukia mkewe. "Ungenikataza kwa nguvu."

"Ungenisikia?"

Wakakaa chumba kimoja, kila mtu na kilio chake.

FUNZO

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndugu zangu, pambeni magari yenu mpendavyo, lakini breki mwachieni fundi, na ikishaguswa, ijaribiwe kabla hajapanda mtu. Nawe uliyeona hatari, usinyamaze kwa kuogopa maneno. Ficha ufunguo. Piga kelele. Kaa mbele ya gurudumu ikibidi. Ugomvi wa nyumbani una wasuluhishi, kaburi halina.