Mume Wangu Alinifundisha Ili Nifeli

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba na mtoto mmoja. Naandika haya nikiwa kwa wazazi wangu Lupembe, ambako nimerudi kuchuma chai. Sikutegemea kabisa kuwa huku...

Niliolewa Makambako na mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Nitamwita Festo. Mpole, hanywi, kanisani anaimba kwaya. Nani angeniambia nijihadhari na mtu kama huyo?

Ndoto yangu ilikuwa uuguzi. Chuo kimoja cha Njombe kilipokea waombaji kwa mtihani wa Kiingereza, sehemu kubwa ikiwa ufahamu: unasoma habari, unajibu maswali. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha. Festo akasema, "Mama Neema, usihangaike na tuisheni. Nitakufundisha mwenyewe."

Nilimshukuru hadi machozi!

Kila jioni alinipa zoezi la majaribio. Asha alikwenda sokoni akanunua nyanya. Swali: Asha alinunua nini? Nilijibu, akaweka vema, vema, vema... "Mtihani wenyewe ndio huu huu," aliniambia. "Wewe umeshaingia chuo."

Siku ya mtihani nilifika Njombe mapema, ukungu umefunika hata geti la chuo. Nikafungua karatasi. Jamani! Habari ilikuwa ndefu, ya mlinzi wa hospitali aliyemwona daktari akikosea. Swali la kwanza: unadhani kwa nini mlinzi alinyamaza? Nikarudi kwenye habari kutafuta jibu la kunakili. Halikuwepo! Ulitakiwa kulitoa kichwani, kwa kuelewa ulichosoma. Na maswali karibu yote yalikuwa hivyo. Nilitoka nimelowa jasho katika baridi ile.

Nje nikamkuta Rehema, binti wa mfanyabiashara wa nafaka wa Makambako, ambaye Festo alimfundisha tuisheni pamoja na wenzake. Alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo mama. Umeuonaje?"

"Marahaba. Mdogo wangu, nimekwisha. Mbona haufanani na mazoezi tuliyofanya?"

Akashangaa. "Mbona ndiyo yale yale? Mwalimu ametupa ya namna hii tangu mwanzo. Anasema ukiona jibu limeandikwa wazi, hilo ni zoezi la watoto."

Zoezi la watoto...

Hata sikumbuki nilivyofika nyumbani. Festo alikuwa anapiga pasi shati lake. Nikamwuliza, "Rehema ulimpa mazoezi ya kweli, mimi ukanipa ya watoto. Kwa nini?"

Ningefurahi angekana! Lakini aliiweka pasi chini, akasema taratibu, "Ungefaulu ungekwenda kukaa bwenini Njombe. Ukimaliza una mshahara wako. Ungerudi kwangu kufanya nini?"

"Si ungenikataza tu!" nililia.

"Ningekukataza, ungenichukia. Ukifeli mwenyewe, utatulia."

Nitulie! Yaani mume wangu alitaka nijione mjinga maisha yangu yote, ili yeye awe na amani. Hivi kuna mtu anaweza kukukumbatia huku anakuzika?

Rehema alichaguliwa. Mimi sikuchaguliwa. Nikambeba Neema, nikaondoka.

Wazee wa kanisa wamekuja kusuluhisha. Wanasema hajanipiga, hana mwanamke mwingine, sasa kosa lake ni lipi? Hata mama ananiambia, "Rudi, mwanangu, mwenzio amekuomba msamaha." Nawajibuje? Jeraha langu halina hata jina...

Siku hizi Rehema hunitumia mazoezi kwa simu. Nakosa mengi, na yeye hanidanganyi. Ananiambia nimekosea wapi na kwa nini. Mwakani nitarudi kwenye mtihani ule.

Dada zangu, nawasihi! Mkijiandaa kwa jambo kubwa, msikubali kupimwa na mtu mmoja tu, hasa yule ambaye kushindwa kwenu kunamfaa. Pelekeni kazi yenu kwa mwingine aitazame, hata kama aliyewafundisha ni mume mnayempenda. Mimi wangu bado nampenda, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.