Baba Yake Weldon Ni Nani?

"Moureen, Jumamosi hatuji. Mwambie mzee wako asichinje kitu."

Hata hujambo hakuna. Hivyo ndivyo Weldon alivyonianza kwenye simu ya ofisi.

"Wazee wenu wanakuja kuniposa, Weldon! Umepata mwingine?"

"Afadhali ingekuwa hivyo. Ni koo. Jana ugali ulinikwama hapa, nikasukuma na maji. Imeanza."

"Weldon, ngoja..."

Sarafu zikamwishia kibandani, simu ikakatika.

Mwaka huo wa 1996 nilikuwa namsaidia daktari mmoja wa hospitali ya misheni upande wa Bomet. Alikuwa anatafiti saratani ya koo la chakula, ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu wazima wetu. Tulizunguka boma kwa boma tukiuliza nani alikufa nao. Daktari alitaka kujua kama umo kwenye damu, au ni chai ya moto tunayoimeza ikichemka, au mursik, yale maziwa ya kibuyu, au ni vyote pamoja.

Weldon, mchumba wangu, karani wa kupima majani chai Kapsoit, alijitolea mwenyewe kutoa damu.

"Baba yako alikufa na nini?" daktari alimwuliza.

"Koo. Kabla nizaliwe."

"Ndugu yake?"

"Koo."

"Na mtoto wa huyo ndugu?"

"Koo pia."

Daktari alifurahi kama mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea. "Familia kama hii ndiyo tunatafuta! Huenda iko kwenye damu."

Tangu siku hiyo Weldon hakutulia. Katikati ya maneno anameza mate, anasikiliza. Akiona kioo cha lori, anafungua mdomo achungulie. Mimi nilicheka mwanzoni. Sasa sikuwa na kicheko.

Nyumbani baba yangu, mzee Nyaberi, alipandisha sauti: "Nilikuambia! Hawa hawawezi kuoa Mkisii."

"Baba, si kabila. Ni saratani."

Akavuta kiti, akaketi.

Asubuhi nilimkuta Weldon kwenye mizani, akina mama wamepanga foleni na vikapu vyao. Hakunitazama.

"Umewaona wale wa wodi," alisema. "Mtu anakufa njaa na chakula iko mezani. Unataka uniuguze hivyo? Na watoto, niwapatie hii damu?"

"Daktari alisema huenda. Huenda si ndiyo. Kuja waingize ule mpira wa kamera kooni waangalie."

"Wakiangalia nitajua."

"Si ndiyo maana ya kuangaliwa, wewe mtu!"

Akina mama wakaangua kicheko. Weldon akasoma mizani vibaya, akarudia. Nikamwacha, nikapanda kwao.

Mama yake, Tecla, alikuwa anapura maharagwe. Kando yake Cheptoo, tuliyemwita Gogo, yaani nyanya kwa lugha yao, alikuwa anasugua kibuyu kwa mkaa. Weldon aliniambia zamani kwamba huyo ni mke mkubwa wa baba yake. Nikawamwagia yote, machozi na kamasi.

Tecla alimtazama Gogo. "Mimi siwezi. Si yangu kusema."

Gogo aliweka kibuyu chini. "Nani amesema baba yake alikufa na koo?"

"Weldon mwenyewe. Si mume wako, mzee Kipkosgei?"

"Kipkosgei alikuwa mume wangu. Baba yake Weldon ni mimi."

Nilidhani ni uzee. "Gogo..."

"Kaa chini. Sikuzaa. Kipkosgei akafa, boma haina mtoto. Nikatoa ng'ombe zangu, nikamwoa huyu Tecla kwa mila. Mtoto akizaliwa ni wangu. Hakuna mtu anauliza alitoka wapi. Ukiuliza, umemfukuza kwa boma."

"Na Weldon hajui?"

"Tuliokoka, kanisani hiyo mambo ikawa aibu. Tukanyamaza. Na watoto wa shemeji yangu wanangoja tu neno moja waseme shamba ni yao."

"Na yule... aliyemzaa?"

Tecla akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Yuko. Juzi alikuwa soko ya Mulot anauza fahali. Anatafuna nyama kama fisi."

Nilitaka kucheka, nikalia. Hospitali iliuliza damu, watu wakajibu ukoo, na katikati pale mchumba wangu alikuwa amejichimbia kaburi.

"Gogo, ni kweli?"

Weldon alikuwa mlangoni. Alikuwa ameacha mizani akanifuata.

"Basi mimi si wa hapa," alisema, sauti imekatika.

Gogo aliinuka na mkaa wake mkononi. "Rudia hiyo maneno uone! Ukiwa na surua nani alikubeba mgongoni mpaka Kericho? Nani aliuza ndama uende shule? Nilinyamaza usinyang'anywe boma. Lakini kama kunyamaza kutakunyima bibi, wacha dunia isikie."

Weldon alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya yule mama mzee. Alilia kama mtoto, nami nilimpenda vibaya sana saa ile.

Baadaye akanigeukia. "Sasa utanikubali?"

"Nilipanda huu mlima kabla sijasikia haya. Ukumbuke hiyo siku zote. Na kesho unaangaliwa. Saratani haiulizi ukoo peke yake, na chai yako ni moto ya jehanamu."

Wakamwingiza mpira. Ilikuwa asidi ya tumboni tu, na woga. Daktari alimfuta Weldon kwenye ile familia aliyoifurahia. Tangu hapo kila boma tuliuliza kwa upole, mlango umefungwa: aliyekuzaa ni nani?

Jumamosi walikuja. Kipyegon, mtoto wa shemeji yake Gogo, alikuwa kati ya wazee, macho yamemtoka. Mjomba wangu Arasa alisafisha koo.

"Kabla ya ng'ombe, tujuane. Baba wa kijana ni nani?"

Weldon alianza kuinuka. Gogo alimshika bega, akasimama yeye, kitambaa cha kanisa kichwani.

"Ni mimi. Nilimwoa mama yake kwa ng'ombe zangu. Mwenye neno aseme leo, mbele yangu, asingoje nife."

Alimtazama Kipyegon. Kipyegon aliangalia viatu vyake.

Mjomba Arasa alicheka polepole, akavuta kile kiti kikubwa.

"Hata kwetu Kisii wako akina baba kama wewe," alisema. "Kuja ukae mbele, mzee."